Mchuuzi wa Natto na Udongo Mwekundu wa Iwajuku

Kati ya vilima viwili vidogo vya kijiji cha Kasakake, mkoani Gunma, kama kilomita 100 kaskazini-magharibi mwa Tokyo, palikuwa na njia iliyokatwa ndani ya udongo. Mpita njia alikuwa na gema kushoto na gema kulia. Juu ulionekana udongo mweusi wa mashamba. Chini yake udongo mwekundu, laini, unaobaki kidoleni ukiugusa. Vuli ya mwaka 1946 kijana wa miaka 20, mchuuzi aliyekuwa akirejea kutoka mizunguko yake ya vijijini, alisimama hapo. Kwenye ule udongo mwekundu, wala si ule mweusi, kilikuwa kimechomoza kijiwe chembamba, urefu wake kama pingili ya kidole, chenye makali. Alikichomoa. Akapekua kandokando kutafuta kigae cha chungu. Hakuona hata kimoja.

Kijana huyo ni Aizawa Tadahiro (Wajapani hutanguliza jina la ukoo), na mahali pale ni Iwajuku, jina ambalo mtoto wa shule wa Japani hulikuta kurasa za mwanzo kabisa za kitabu chake cha historia. Kabla ya Iwajuku, wakazi wa kwanza wa visiwa vile walihesabiwa kuwa watu wa Jomon, wale wafinyanzi waliopamba vyungu vyao kwa alama za kamba. Baada ya Iwajuku, historia ya nchi nzima ilisogezwa nyuma kwa makumi ya maelfu ya miaka. Swali lililobaki likigombewa ni hili: aliyegundua ni nani? Mchuuzi aliyeyaona mawe, au mwalimu wa Chuo Kikuu cha Meiji aliyechimba na kutangaza?

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya maskini aliyedhulumiwa na wasomi. Dhuluma ilikuwepo, na nitaifikia. Lakini ukiishia hapo unakikosa kile hasa ambacho Aizawa alikifanya vizuri kuliko watu wote wa fani ile, na hutaelewa ilikuwaje Japani, miongo kadhaa baadaye, ikadanganywa mchana kweupe na mtu aliyedhaniwa kuwa Aizawa wa pili.

Sakafu ya historia

Ule udongo mwekundu wanajiolojia huuita tifutifu ya Kanto. Ni majivu ya volkeno, yaliyomwagwa kwa maelfu ya miaka na milima kama Fuji, Hakone, Asama na Haruna, yakalala tabaka juu ya tabaka. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba katika zama zile milima ilikuwa ikitapika moto na majivu yakinyesha kama mvua: hakuna majani, hakuna mnyama wa kuwinda, basi na mtu hakuna. Ndiyo maana wachimbaji walikuwa na desturi moja. Wakifukua kijiji cha kale, hushuka ndani ya udongo mweusi, hutoa vyungu na mawe yao, na sepetu ikigusa wekundu, kazi imekwisha. Wanakusanya vifaa, wanarudi nyumbani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina kichekesho chake, maana sisi tunaijua Olduvai, ambako ni majivu ya volkeno hayohayo yaliyohifadhi mifupa na zana, na ndiyo yaliyowezesha umri wake kupimwa. Ila kipimo hicho kilifika Olduvai mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1946 majivu yalikuwa majivu tu.

Na aliyethubutu kusema tofauti alikuwa ameshaonja machungu yake. Aprili 1931, kwenye ufuko wa Akashi karibu na mji wa Kobe, Naora Nobuo aliokota mfupa wa nyonga akaamini ni wa binadamu wa kale sana. Wakubwa wa fani hawakumpa nafasi. Mwaka 1945 nyumba yake Tokyo iliungua katika mashambulizi ya ndege, na mfupa ukateketea nayo. Baada ya vita ilipatikana nakala yake ya plasta na mjadala ukafufuka, lakini hadi leo wengi hawakubali kwamba ulikuwa wa kale kiasi hicho. Naora hakuwa mjinga. Shida ilikuwa kwamba mfupa wake uliokotwa chini ya gema lililobomoka: hapakuwa na mtu aliyeweza kuweka kidole kwenye tabaka fulani akasema, umetoka hapa. Kitu cha kale kisicho na tabaka ni kama barua isiyo na tarehe wala anwani. Unaweza kuisoma, lakini huwezi kushinda nayo kesi.

Nashikilia jambo hili kwa sababu kesi yote ya Iwajuku inasimama juu yake. Mawe yenye makali Japani yalikuwa tele. Wakulima waliyaokota mashambani. Jambo jipya la Aizawa halikuwa jiwe. Lilikuwa mahali jiwe lilipokaa.

Mtoto wa mpiga filimbi

Alizaliwa Tokyo tarehe 21 Juni 1926. Baba yake alipiga filimbi katika vikundi vya ngoma za sherehe, riziki ya kuhamahama, na familia ikahamia Kamakura, mji wa mahekalu ulio kando ya bahari. Huko wazazi waliachana na watoto wakatawanyika. Tadahiro, akiwa bado mdogo, aliishia Asakusa, mtaa wa wachuuzi na starehe jijini Tokyo, akiwa mtumishi mwanagenzi katika duka la viatu. Mchana alitumwa huku na kule. Usiku, alipopewa ruhusa, alisoma shule ya jioni. Siku za mapumziko alikwenda Ueno, kwenye makumbusho, kuangalia vyungu na mawe.

Kwa nini vyungu na mawe? Mwenyewe amelieleza hili katika kumbukumbu zake, alizochapisha mwaka 1969, na ni sehemu inayonigusa kila nikiikumbuka. Utotoni Kamakura aliokota vigae vya kale, akasikia kwamba watu wa zamani waliishi wameketi pamoja kuzunguka moto, familia nzima. Mtoto ambaye nyumba yake imevunjika akashikwa na picha ile ya moto na watu waliouzunguka. Wengi huingia akiolojia kwa kutafuta dhahabu au sifa ya taifa. Huyu aliingia akitafuta jiko la kuota moto.

Mwaka 1944 alikwenda jeshi la majini. Vita vilipokwisha alirudi Kiryu, mji wa wafuma hariri mkoani Gunma, hana elimu ya maana wala mtaji. Akaanza uchuuzi. Baadaye alichagua natto, na uchaguzi wenyewe ulikuwa na hesabu ndani yake. Natto ni soya iliyochemshwa na kuchachushwa hadi ikatoa nyuzi za utelezi; huliwa na wali, hasa asubuhi, na zama zile ilifungwa katika mabua ya mpunga. Muuzaji wake hupita nyumba kwa nyumba alfajiri, na tena jioni. Katikati ana saa nyingi za mwanga ambazo hazina bosi. Saa hizo ndizo zilizoandika upya historia ya Japani, na alizipata kwa kuchagua kazi ambayo kijana mwenye tamaa ya pesa asingeichagua.

Miaka mitatu

Kutoka siku ile ya vuli 1946 hadi kiangazi cha 1949 ni karibu miaka mitatu. Wasimuliaji wengi huiruka. Mimi naona ndiyo kiini.

Jiweke mahali pake. Una vipande vya mawe kutoka udongo ambao wasomi wote wa nchi wanasema hauna mtu ndani yake. Unaweza kukimbilia gazeti la mkoa. Nchi imeshindwa vita. Vitabu vya historia vilivyofundisha kwamba taifa lilianzishwa na mfalme Jimmu, mjukuu wa miungu, mwaka 660 kabla ya Kristo, vimepigwa wino mweusi. Watu wana njaa ya historia mpya inayotoka ardhini badala ya mbinguni. Huko Shizuoka, tangu 1947, wachimbaji wa Toro walikuwa wakifukua mashamba ya mpunga ya kale, na magazeti yakiwafuata kama yanavyofuata timu ya mpira. Soko la habari kama hiyo lilikuwa wazi kabisa.

Aizawa hakwenda gazetini. Alirudi kwenye gema. Alirudi tena na tena, akiwa na baiskeli na bidhaa zake, na akawa anajiuliza maswali ambayo mpinzani wake angemuuliza. Je, vijiwe hivi vimeanguka kutoka juu, kwenye udongo mweusi, kupitia mzizi uliooza au shimo la panya? Basi atazame kama wekundu pale umechanganyika na weusi. Je, ni mawe yaliyopasuka yenyewe? Basi aangalie kama vipande vinafanana, kama vimekatwa kwa mpangilio. Je, vyungu vipo ila yeye hajaviona? Basi atafute vyungu. Kila aliporudi, jibu lilikuwa lilelile: mawe yapo, vyungu havipo, udongo haukuchezewa.

Bado haikutosha, na yeye alijua. Kijipande cha jiwe, hata kiwe na makali vipi, mtu mwenye cheo anaweza kukitupa mezani na kusema ni bahati ya mlima. Kilihitajika chombo ambacho hata mtoto angekiona na kusema, hiki kimetengenezwa na mkono.

Kilitokea kiangazi cha 1949. Kilikuwa kimekwama katika ukuta wa udongo mwekundu: ncha ya mkuki ya obsidiani, lile jiwe-kioo la volkeno, umbo lake kama jani, imechongwa pande zote mbili, nzima, haina pengo. Ukiishika obsidiani mbele ya jua, kingo zake hupitisha mwanga kama glasi ya moshi. Aizawa ameandika jinsi alivyosimama nayo akiwa haamini macho yake. Mtu wa kupenda makuu angeikimbiza mjini. Yeye alianza kuthibitisha kwanza kwamba ilitoka pale alipodhani imetoka.

Kisha akapanda baiskeli kwenda Tokyo. Ni kama kilomita 100 kila upande, barabara za 1949, na nauli ya treni kwa muuza natto si jambo la mchezo. Huko akakutana na Serizawa Chosuke, kijana wa miaka 29 aliyekuwa mwanafunzi wa akiolojia Meiji, mtoto wa msanii maarufu wa vitambaa Serizawa Keisuke. Mkutano huo ni wa bahati, kwa sababu kwingine alishapuuzwa. Serizawa hakumtazama nguo wala vyeti. Alitazama mawe, akauliza yametoka tabaka gani, akaelewa papo hapo maana yake. Akamfikishia habari mwalimu wake, Sugihara Sosuke, profesa mshiriki wa Meiji, mmoja wa viongozi wa uchimbaji wa Toro.

Tarehe 11 Septemba 1949

Siku hiyo kikundi kidogo kilisimama Iwajuku: Sugihara, Serizawa, mwenzao mwingine kutoka Tokyo, na Aizawa akiwaonyesha gema. Walichimba kwa majaribio. Sugihara mwenyewe ndiye aliyetoa ndani ya wekundu shoka la mkono, jiwe zito la umbo la yai lililochongwa kwa mapigo makubwa. Profesa aliyefika na mashaka yake aliondoka hana tena. Mwanzoni mwa Oktoba walirudi kwa uchimbaji kamili wa siku kadhaa, wakaonyesha kwamba hapakuwa na safu moja ya makazi bali zaidi: zana za chini kabisa zilitengwa na zile za juu kwa udongo uliokaa katikati, maana yake watu walikuja, wakaondoka, majivu yakalala, wakaja wengine.

Hapa lazima niwape Meiji haki yao, maana watetezi wa Aizawa huwanyima. Alichokuwa nacho Aizawa kilimtosha yeye na Serizawa. Hakikuweza kuitosha fani. Mawe yaliyochomolewa gemani na mtu mmoja, bila mashahidi, bila mchoro wa tabaka, yangeweza kuishia kama mfupa wa Akashi. Uchimbaji wa hadharani, wenye vipimo na watu wengi wanaotazama shimo moja, ndio uliofunga mlango wa ubishi. Na hata hivyo Sugihara na wenzake walikwenda kwa tahadhari: kwa miaka mingi hawakuuita utamaduni ule "enzi ya kale ya mawe", waliuita utamaduni wa kabla ya vyungu. Ni jina la mtu anayesema tu kile alichokiona.

Lakini sasa njoo kwenye jina.

Habari ilipotangazwa kwa waandishi wa habari mwezi huohuo wa Septemba, ilikuwa habari ya Chuo Kikuu cha Meiji na ya Sugihara. Aizawa alionekana pembeni, mtu wa huko huko aliyewaonyesha wataalamu mahali, kama unavyomtaja mwenyeji aliyekuelekeza njia. Miaka mitatu ya kurudi gemani haikuwemo. Ncha ya mkuki haikupewa uzito wake. Na kama kwamba hilo halitoshi, nyumbani walianza kumsema: huyu muuza natto ni tapeli, anajitafutia jina, anajipenyeza kwa maprofesa. Aliyenyimwa sifa akatukanwa kwa kuitafuta.

Utetezi wa Sugihara naweza kuutunga kwa niaba yake, na si utetezi mbaya: katika sayansi kitu hakijagunduliwa mpaka kithibitishwe, na kuthibitisha ndiko kulikofanyika Septemba na Oktoba. Sawa. Ila jiulize, Sugihara angekwenda kuchimba wapi kesho yake kama Aizawa asingepanda baiskeli? Angerudi Toro, kwenye mpunga wake. Hakuna mtu wa Meiji, wala wa chuo kingine chochote, aliyekuwa na mpango wa kushusha sepetu chini ya udongo mweusi. Shoka lile halikupatikana kwa sababu Sugihara alijua pa kutafuta; lilipatikana kwa sababu aliambiwa. Na aliyemwambia hakuwa ameota. Alikuwa amefanya sehemu ngumu zaidi ya kazi, ile ya kukataa kuamini sakafu ambayo kila mtu alisimama juu yake, halafu kukataa kujiamini mwenyewe mpaka apate kitu kizima. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya mgunduzi, na anayeifanya anastahili jina hata kama hana shahada.

Mtu wa tatu, Serizawa, husahaulika na pande zote. Yeye hakugundua wala hakutangaza. Alisikiliza tu. Katika fani ambayo cheo kilikuwa kila kitu, kusikiliza kule kulikuwa na thamani kubwa kuliko kunavyoonekana, na urafiki wake na Aizawa ulidumu.

Baadaye

Aizawa hakuacha. Aliendelea kutembea miteremko ya mlima Akagi, akipata maeneo mengine ya mawe, baadhi yake yakiwa muhimu. Sifa zilimfikia kwa kuchelewa: mwaka 1961 mkoa wa Gunma ulimtunuku, na mwaka 1967 akapewa tuzo ya utamaduni yenye jina la mwandishi Yoshikawa Eiji. Iwajuku yenyewe ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1979. Alifariki Kiryu tarehe 22 Mei 1989, umri miaka 62, na nishani ya serikali ikatolewa kwa jina lake siku hiyohiyo ya kifo.

Nisimfanye malaika. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akisaka zana za zamani zaidi, za binadamu waliotangulia wale wa Iwajuku, na baadhi ya mawe aliyoyaamini kuwa ya zama hizo bado yanabishaniwa au hayakubaliki. Serizawa naye, akiwa sasa Chuo Kikuu cha Tohoku, aliusaka ushahidi huo tangu miaka ya 1960. Na anayepinga alikuwa nani? Sugihara, yuleyule, akisema Japani haina ushahidi wa kuaminika wa watu wa kale kiasi hicho. Mtu aliyemfunika Aizawa jina ndiye aliyeshikilia kwa nguvu zaidi ile tahadhari ya Aizawa wa 1946. Historia ya fani hii ina mambo kama hayo, haikupangi mashujaa upande mmoja.

Wakati huohuo yale majivu yaliyoitwa ya mauti yaligeuka kuwa kalenda. Mwaka 1976 Machida Hiroshi na Arai Fusao walionyesha kwamba unga mwembamba wa kioo cha volkeno unaopatikana karibu nchi nzima ulitoka katika mlipuko mmoja mkubwa sana huko Aira, kwenye ghuba ya Kagoshima, kusini kabisa, takriban miaka 30,000 iliyopita. Popote utakapokuta unga huo, unajua uko wapi kwenye wakati. Iwajuku umo, na zana za chini kabisa ziko chini yake: umri wao ni kama miaka 35,000. Mashoka yao yalikuja kutambuliwa kuwa na ukingo uliosuguliwa, jambo ambalo vitabu vya Ulaya vilidai halikufanyika mpaka zama za wakulima. Maeneo ya enzi ile yanayojulikana Japani sasa yamepita 10,000, na mengi yalipatikana kwa sababu moja tu: baada ya 1949, wachimbaji walipogusa wekundu hawakusimama.

Aizawa wa pili

Mwaka 1992 ilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo yenye jina la Aizawa Tadahiro, kwa ajili ya watafiti wa enzi ya kale ya mawe. Aliyepewa alikuwa Fujimura Shin'ichi.

Kwa sura, hakuna aliyefanana na Aizawa kuliko yeye. Naye hakuwa mtu wa chuo. Naye alitumia saa zake za mapumziko kutembea mashambani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Miyagi, alikuwa akitoa mawe katika tabaka ambazo hakuna mwingine aliyeona kitu: kwanza ya miaka 40,000 na zaidi, kisha laki, kisha laki kadhaa, mpaka eneo la Kamitakamori likasemekana lina miaka 600,000. Watu walisema ana mkono wa Mungu. Alikuwa akichimba pamoja na wengine, wakikaa siku nzima bila kupata kitu, yeye anapita asubuhi na jiwe linatokea.

Tarehe 5 Novemba 2000 gazeti la Mainichi Shimbun lilichapisha picha zilizopigwa kwa kamera iliyofichwa. Fujimura yuko peke yake shimoni alfajiri, anafukia mawe kwa mkono. Alikiri. Uchunguzi wa Jumuiya ya Akiolojia ya Japani, uliokamilika mwaka 2003, ukaonyesha kwamba alikuwa amefanya hivyo katika maeneo zaidi ya 100, kwa zaidi ya miaka 20. Vitabu vya shule vikafutwa kurasa.

Mawe yenyewe yalikuwa yamesema mapema. Mengine yalikuwa na alama za kutu, yaani yaliwahi kugongwa na majembe ya chuma: yalikuwa mawe ya Jomon, yaliyookotwa juu ya mashamba. Mengine yalikuwa na udongo mweusi kwenye mikwaruzo yake ilhali yalidaiwa kutoka tabaka za majivu. Oda Shizuo na Charles Keally walikuwa wameandika mwaka 1986 kwamba ushahidi ule hausimami. Hawakusikilizwa.

Hapa nina hoja yangu, na anayetaka aipinge. Nadhani waliomwamini Fujimura walimkumbuka Aizawa vibaya. Wameshika kwamba mtu wa nje, asiye na cheo, aliona kile wasomi walichokosa, na kwamba wasomi waliona haya. Wakaapa kutorudia kosa lile la 1949, la kumdharau mwokotaji. Kwa hiyo alipotokea mwokotaji mwingine wakamfungulia milango yote, na kumhoji kukaonekana ni kiburi. Walichokumbuka ni mkono wa Aizawa. Hawakukumbuka miaka mitatu. Aizawa alianza na vipande vya mashaka akasubiri hadi apate kitu ambacho hakingeweza kukanwa, na katikati alikuwa mpinzani mkali wa nafsi yake. Mtu ambaye hajawahi kukosa kitu shimoni, kila safari anatoka nacho, hakuwa na lolote la Aizawa ndani yake.

Zana zilizotoka katika uchimbaji wa 1949, pamoja na lile shoka la Sugihara, ziliandikishwa mwaka 1975 kuwa mali muhimu ya utamaduni wa taifa, nazo ziko katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Meiji, Tokyo. Ncha ya mkuki ya obsidiani haimo humo. Yenyewe imebaki Gunma, miteremkoni mwa Akagi, katika makumbusho madogo ya kumbukumbu ya Aizawa yaliyofunguliwa miaka miwili baada ya kifo chake. Ukitaka kuviona vyote viwili, jiwe lililomleta profesa na jiwe alilolikuta, itakubidi usafiri umbali uleule alioukata kwa baiskeli.